Riba ya mwenye akiba, na kuanguka kwa benki za mikoani Marekani

Askari anapopokea mshahara wake kwa njia ya benki, aghalabu hudhani kuwa fedha zile zimefungiwa ndani ya sefu, zikimngoja yeye mwenyewe afike kuzichukua. Mambo sivyo yalivyo. Tangu zilipoingia katika akaunti, fedha hizo zimekwisha kuwa mkopo: mwenye akiba ameikopesha benki, na benki imekuwa mdaiwa wake. Karatasi ya hesabu anayopewa mteja si stakabadhi ya mzigo uliowekwa ghalani, bali ni hati ya deni. Na riba anayoandikiwa ndiyo bei ya deni hilo.

Kwa mwenye akiba riba hiyo ni pato, ingawa mara nyingi ni pato dogo la kusikitisha. Kwa benki ni gharama, nayo huandikwa katika vitabu vyake kando ya mishahara ya makarani na kodi ya majengo. Watu wachache huitazama gharama hiyo, kwa sababu haina kishindo. Lakini katika mwaka 2023, gharama hiyo, pamoja na hofu iliyoandamana nayo, ilichangia kuangusha benki tatu huko Marekani, kila moja ikiwa na mali iliyozidi dola bilioni 100, tena katika muda usiotimia miezi miwili. Silicon Valley Bank ilifungwa tarehe 10 Machi. Signature Bank ya New York ikafungwa siku mbili baadaye. Na First Republic Bank ikachukuliwa na serikali na kuuzwa tarehe 1 Mei.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi jambo hilo lilivyotokea, hasa kwa benki mbili zilizokuwa California, na kwa nini linamhusu pia mtu ambaye akiba yake yote haifiki bei ya ng'ombe wawili.

BENKI ZA MIKOANI NI ZIPI

Marekani ina benki zaidi ya 4,000. Juu kabisa yako majitu machache, kama vile JPMorgan Chase na Bank of America, ambayo matawi yake yameenea nchi nzima na biashara yake imevuka bahari. Chini yake ziko benki za mikoani, ambazo huhudumia jimbo moja au majimbo kadhaa, na ambazo wakuu wake huwafahamu wateja wao kwa majina. Nguvu ya benki kama hizo imo katika amana za watu wa mahali pale. Amana zikikaa kwa utulivu na kwa riba ndogo, benki hustawi. Amana zikianza kudai bei kubwa zaidi, au zikianza kuondoka, benki huwa haina mahali pengine pa kushika.

Silicon Valley Bank ilianzishwa mwaka 1983 ili kuhudumia makampuni machanga ya teknolojia. First Republic ilianzishwa San Francisco mwaka 1985, ikajipatia sifa kwa kuwapa matajiri mikopo ya nyumba ya riba nafuu. Zote mbili zilisifiwa kwa miaka mingi. Wateja wao hawakuwa watu wa kuhangaika na madeni. Yafaa msomaji akumbuke jambo hili, maana benki hizi hazikufa kwa ugonjwa tuliozoea kuusikia, yaani mikopo iliyotolewa kwa ndugu na marafiki wasiolipa.

MIAKA YA FEDHA RAHISI

Mnamo Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoanza kuzorotesha uchumi wa dunia, Benki Kuu ya Marekani ilishusha riba yake hadi kati ya sifuri na robo ya asilimia 1. Fedha zikawa rahisi mno. Makampuni ya teknolojia yalipata mitaji kwa wingi kutoka kwa wawekezaji, nayo yakaipeleka benki. Amana za Silicon Valley Bank, ambazo mwishoni mwa mwaka 2019 zilikuwa takriban dola bilioni 62, zilifika dola bilioni 189 mwishoni mwa mwaka 2021. Ziliongezeka mara tatu katika miaka miwili. Tena theluthi mbili hivi ya amana hizo hazikulipwa riba yoyote.

Benki iliyoletewa fedha nyingi kiasi hicho bila ya kudaiwa bei hushawishika kuamini kuwa hali hiyo ni ya kudumu. Silicon Valley Bank ilinunua hati za dhamana za muda mrefu zenye pato dogo lakini la hakika. First Republic ilikopesha wenye nyumba kwa riba ya karibu asilimia 3, na riba hiyo ilifungwa kwa miaka mingi. Haikuwa peke yake katika jambo hilo, kwani Januari 2021 riba ya kawaida ya mkopo wa nyumba wa miaka 30 nchini Marekani ilifika asilimia 2.65, kiwango kidogo kuliko vyote vilivyopata kuandikwa.

Tuchukue mfano wa shilingi 100. Benki imezipokea kwa mteja na kuahidi kumlipa robo ya shilingi kwa mwaka. Imezikopesha kwa mwenye nyumba, naye atalipa shilingi 3 kwa mwaka. Kati ya mbili hizo inabaki shilingi 2 na robo tatu, na humo ndimo benki inamotoa mishahara, kodi, na faida ya wenye hisa. Hesabu ni nzuri. Ila ina shimo moja: mwenye nyumba amefungwa kwa miaka 30, lakini mwenye akiba hakufungwa hata siku moja. Akiamka kesho na kutaka shilingi 4, au akitaka shilingi zake 100 zote, ana haki yake.

BEI YA FEDHA ILIPOPANDA

Mwaka 2022 bei za vitu zilipanda Marekani kwa kasi isiyoonekana kwa miaka 40. Mnamo Juni mwaka huo mfumuko wa bei ulifika asilimia 9.1. Ili kuuzima moto huo, Benki Kuu ilipandisha riba yake mara 11 kati ya Machi 2022 na Julai 2023, kutoka karibu na sifuri hadi kati ya asilimia 5.25 na 5.50.

Ghafla mwenye akiba aligundua kwamba fedha yake ina bei. Serikali yenyewe, kwa njia ya hati za Hazina za muda mfupi, ilikuwa tayari kumlipa zaidi ya asilimia 4, na baadaye zaidi ya 5. Lakini akaunti ya akiba ya kawaida katika benki za nchi ile, kwa wastani, ilikuwa ikilipa chini ya nusu ya asilimia 1. Mtu mwenye dola mia tano pengine hakuona sababu ya kusumbuka. Bali mtu au kampuni yenye dola milioni tano iliona kuwa kuziacha pale ni sawa na kutupa zaidi ya dola laki mbili kila mwaka.

Hapo benki ya mkoani ilijikuta katika njia panda yenye njia tatu, na hakuna hata moja iliyokuwa salama.

Njia ya kwanza ilikuwa kuongeza riba ya amana. Ugumu wake ni kwamba benki ikimwongezea mteja mmoja anayetaka kuondoka, haiwezi kumficha jirani yake. Mara wote hutaka kuongezwa, hata wale waliokuwa wametulia. Kwa benki yenye amana za dola bilioni 100, kila asilimia 1 inayoongezwa kwa wote ni dola bilioni 1 ya gharama mpya kwa mwaka. Na huku pato la mikopo ya zamani limebaki pale pale kwenye asilimia 3. Turudi kwa shilingi zetu 100: benki ikilazimika kumlipa mwenye akiba shilingi 4 huku ikipokea 3, imekwisha kupata hasara ya shilingi 1 kabla haijamlipa karani hata mmoja.

Njia ya pili ilikuwa kukataa kuongeza, na kuwaacha wateja waondoke. Lakini mteja aondokaye hudai fedha taslimu, na fedha zenyewe zimefungwa katika hati za miaka mingi. Hati zile zikiuzwa kabla ya wakati huuzwa kwa hasara, kwa sababu hapana mtu atakayenunua kwa bei kamili hati inayolipa asilimia 1 na nusu wakati hati mpya hulipa 4 au 5.

Njia ya tatu ilikuwa kukopa kwingine ili kuziba pengo la amana zilizoondoka. Mkopo huo ulipatikana, ila kwa bei ya siku hiyo.

SIKU MBILI ZA SILICON VALLEY BANK

Silicon Valley Bank ilishikwa na mambo mawili kwa wakati mmoja. Makampuni yaliyokuwa wateja wake yaliacha kupata mitaji mipya, yakawa yanakula akiba yao. Na yaliyobaki na fedha yalianza kuzihamisha kutoka akaunti zisizo na riba kwenda akaunti zenye riba. Mwishoni mwa mwaka 2021 amana zisizo na riba zilikuwa theluthi mbili ya amana zote. Mwaka mmoja baadaye zilikuwa zimeshuka chini ya nusu. Yaani hata amana ambazo hazikuondoka zilikuwa zimeanza kudai bei.

Tarehe 8 Machi 2023 benki hiyo ilitangaza kuwa imeuza hati za thamani ya dola bilioni 21 na kupata hasara ya dola bilioni 1.8, na kwamba inatafuta mtaji mpya. Tangazo lililokusudiwa kutuliza watu liliwatia hofu. Kesho yake wateja walitoa dola bilioni 42. Siku iliyofuata walikuwa wameagiza kutolewa dola bilioni 100 nyingine. Hawakupanga foleni mlangoni kama watu wa zamani. Wengi walitoa amri kwa simu na kompyuta wakiwa wamekaa vitini mwao. Benki ilifungwa asubuhi ile ile ya tarehe 10.

Ieleweke kuwa wateja hao hawakuwa wapumbavu. Bima ya amana nchini Marekani hufika dola 250,000 kwa mwenye amana katika kila benki, na zaidi ya tisa ya kumi za amana za Silicon Valley Bank zilikuwa nje ya kinga hiyo. Kila mmoja alikuwa na sababu nzuri ya kukimbia. Askari wanalifahamu jambo hili kuliko watu wengine: kikosi hakivunjwi na woga wa mtu mmoja, bali huvunjika pale kila mtu anapoona kuwa mwenzake anaondoka na kwamba atakayebaki ndiye atakayelipa.

FIRST REPUBLIC: MIKOPO MIZURI, KIFO KIBAYA

Habari za First Republic zina mafunzo zaidi kwa mada yetu. Wakopaji wake walikuwa wakilipa. Nyumba zilizowekwa rehani zilikuwa nzuri. Ukaguzi wa kawaida wa mikopo usingegundua ugonjwa mkubwa. Ugonjwa ulikuwa upande wa pili wa kitabu, upande wa madeni ya benki yenyewe.

Mwishoni mwa mwaka 2022 benki hiyo ilikuwa na amana za dola bilioni 176. Baada ya jirani yake kuanguka, wateja walianza kuondoka kwa wingi. Tarehe 16 Machi benki kubwa 11 ziliungana kuiwekea amana za dola bilioni 30 ili kuonyesha imani. Msaada huo haukutosha. Tarehe 24 Aprili benki ilitoa hesabu zake, na ulimwengu ukaona kuwa amana zilizobaki ni takriban dola bilioni 104, pamoja na zile 30 za msaada. Pengo lililobaki lilikuwa limezibwa kwa kukopa takriban dola bilioni 100 kutoka Benki Kuu na vyombo vingine.

Hapo hesabu ilikuwa wazi kwa kila mwenye kutaka kuisoma. Mikopo ya nyumba ilikuwa ikiingiza karibu asilimia 3, na sehemu kubwa ya fedha zilizoibeba ilikuwa imekopwa kwa riba iliyokaribia asilimia 5. Benki ilikuwa hai kwa jina, lakini kila siku iliyopita iliizidishia hasara, wala hapakuwa na siku iliyotarajiwa kuleta nafuu. Kesho yake bei ya hisa zake ilianguka kwa karibu nusu. Tarehe 1 Mei iliuzwa kwa JPMorgan Chase. Shirika la serikali la bima ya amana lilikadiria kuwa mauzo hayo yangeugharimu mfuko wake dola bilioni 13.

Yapo mambo mawili hapa ambayo hayafai kuchanganywa. Riba kubwa ya mahali pengine huvuta amana polepole, kama maji yanayopenya ukutani. Hofu huziondoa kwa siku moja. Baadhi ya wateja waliokimbilia benki kubwa kabisa hawakufuata riba huko, kwani benki hizo zilikuwa zikilipa kidogo vilevile, walifuata usalama. Lakini ni yale maji ya polepole yaliyoudhoofisha ukuta, hata ukawa hauwezi kustahimili tetemeko.

SI MARA YA KWANZA

Marekani ilikwisha kupata somo hili. Sheria ya mwaka 1933 iliipa serikali uwezo wa kuweka kikomo cha riba ambayo benki ingeweza kuwalipa wenye amana, ili kuzuia benki kushindana hadi kuangamizana. Mwaka 1966 kikomo hicho kiliwekwa pia juu ya vyama vya akiba vilivyokopesha wajenzi wa nyumba. Kwa muda mrefu mambo yalikwenda. Lakini ilipofika mwaka 1981, Benki Kuu ilikuwa imepandisha riba hadi karibu asilimia 20 ili kupambana na mfumuko wa bei, na watu walikuwa wakihamisha akiba zao kwenda mifuko ya uwekezaji isiyobanwa na kikomo hicho. Vyama vile vilikuwa vimekopesha kwa miaka 30 kwa riba za zamani. Vilipofunguliwa mlango wa kulipa riba kubwa, vililipa, vikapata hasara. Na vingi vikajaribu kuiziba kwa kukopesha mahali pa hatari. Kati ya mwaka 1986 na 1995 vyama zaidi ya 1,000 vilifungwa.

Jirani zetu wa Kenya nao walijaribu kuiamuru bei ya fedha kwa sheria. Sheria ya mwaka 2016 iliweka kikomo cha riba ya mikopo, na pia ikaagiza kuwa amana zenye riba zilipwe angalau asilimia 70 ya riba ya msingi ya Benki Kuu yao. Nia ilikuwa njema, kumtetea mwenye akiba ndogo. Lakini agizo lile la amana liliondolewa mwaka 2018, na kikomo cha mikopo kikafutwa Novemba 2019, baada ya kuonekana kuwa wafanyabiashara wadogo walikuwa wananyimwa mikopo. Sheria inaweza kuamuru bei. Haiwezi kumlazimisha mtu kuuza au kununua kwa bei hiyo.

MLINZI ALIYEONA MOSHI

Watu wa ulinzi watapenda kujua walinzi wa benki walikuwa wapi. Jibu lilitolewa na Benki Kuu ya Marekani yenyewe katika ripoti yake ya tarehe 28 Aprili 2023. Wakaguzi waliuona moshi. Siku Silicon Valley Bank ilipoanguka, ilikuwa na hoja 31 za ukaguzi zisizotatuliwa, mara tatu hivi ya benki zinazolingana nayo. Kwa miezi kadhaa ya mwaka 2022 benki hiyo haikuwa hata na mkuu wa kusimamia hatari. Ripoti ilikiri kuwa wakaguzi hawakuchukua hatua kwa nguvu na kwa haraka iliyopasa. Waliandika, wakaandika tena, na moto ukawakuta wakiandika.

Walioumia ni nani? Wenye hisa walipoteza karibu kila kitu. Wenye amana katika Silicon Valley Bank na Signature walilipwa wote, hata waliokuwa juu ya kiwango cha bima, kwa uamuzi maalumu wa serikali. Na gharama ya kuwakinga hao wa juu, iliyokadiriwa kuwa dola bilioni 16.3, ikatozwa benki nyingine. Hivyo basi uzembe wa wachache ulilipiwa na wengi.

FUNZO KWA MWENYE MSHAHARA

Askari wa Uganda hana dola milioni tano. Lakini uhusiano wake na benki ni ule ule: yeye ndiye mdai. Kwa hiyo ana haki ya kuuliza anacholipwa, na ana wajibu wa kujua kinachomlinda. Mfuko wa Kulinda Amana wa Uganda hulipa hadi shilingi milioni 10 kwa kila mwenye amana katika kila chombo kilichomo katika mfuko huo. Anayeweka akiba mahali popote aulize kama mahali hapo pamo, maana si kila anayepokea akiba za watu amehesabiwa humo. Na anayejenga nyumba kidogo kidogo, ambaye akiba yake imevuka kiwango hicho, afikirie kama inafaa kuiweka yote mahali pamoja.

Pia asidanganywe na ukubwa wa riba peke yake. Riba ndogo mno ni kudhulumiwa polepole, kwani mfumuko wa bei hula akiba hata ikiwa imefungiwa vizuri. Lakini chombo kinachoahidi riba iliyo kubwa kuliko cha jirani zake wote, hapana budi kiulizwe kinaitoa wapi. Riba ya mwenye akiba hutoka katika riba ya mkopaji. Ikiwa haitoki humo, inatoka katika amana ya mteja aliyefika jana.

Wazee walisema kuwa rahisi ni ghali. Benki za California zilizipokea amana za watu kana kwamba ni zawadi, zikazifunga kwa miaka mingi, zikasahau kuwa mwenyewe yuko hai na anajua kuhesabu. Tangu Septemba 2024 Benki Kuu ya Marekani ilianza kushusha riba tena, na benki za mikoani zilizobaki zikapumua. Fedha ikirudi kuwa rahisi, kishawishi kile kile kitarudi. Mwenye benki na aongozwe na methali nyingine ya wazee, kuwa dawa ya deni ni kulipa; na mwenye akiba asione haya kuuliza kama dawa hiyo ipo.